Kaizari Hakuwa Mfalme: Vyeo vya Watawala wa Kale katika Kiswahili Chetu

Utangulizi

Miongoni mwa tamthilia za tafsiri ambazo mwalimu wa fasihi ya Kiswahili katika eneo letu hawezi kuzipita ni Juliasi Kaizari, tafsiri ya Mwalimu Julius K. Nyerere ya tamthilia ya William Shakespeare. Toleo la kwanza lilichapishwa na Oxford University Press mwaka 1963 kwa jina la Julius Caezar. Toleo lililorekebishwa lilitoka mwaka 1969, nalo ndilo lenye jina tunalolifahamu leo. Mengi yamekwisha kusemwa kuhusu kazi hiyo: kwamba mfasiri aliacha vina na kuandika kwa mtindo ambao haukuzoeleka katika ushairi wetu, kwamba alionyesha uwezo wa Kiswahili kubeba fikra nzito, na kwamba aliifanya kazi hiyo akiwa Rais wa nchi. Makala haya hayakusudii kurudia hayo. Yanakusudia kuangalia jambo moja linaloonekana dogo lakini lenye matokeo makubwa darasani, yaani jina lenyewe la mtawala na cheo ambacho msomaji anadhani mtawala huyo anacho.

Hoja yetu ni kwamba msomaji wa Kiswahili hufungua kitabu hicho akiwa tayari ameamini kuwa Kaizari ni mfalme. Akishaamini hivyo, tamthilia nzima inayumba, kwa sababu kinachobishaniwa ndani yake ni kama mtu huyo atakuwa mfalme au hatakuwa.

Rumi iliyomchukia mfalme

Ni vema tuanze na historia, maana bila hiyo hoja haiwezi kusimama. Kwa mapokeo ya Warumi wenyewe, mfalme wao wa mwisho, Tarquinius Superbus, alifukuzwa mwaka 509 KK. Tangu hapo madaraka ya juu yalishikwa na makonsuli wawili waliochaguliwa kwa mwaka mmoja, ili pasiwepo mtu wa kukizoea kiti. (Msomaji asimchanganye konsuli huyo na konseli wa siku hizi, ambaye ni ofisa wa ubalozi.) Palipotokea hatari kubwa, iliruhusiwa kumteua mtu mmoja kuwa dikteta, lakini kwa muda usiozidi miezi sita. Hapa napo pana mtego wa neno. Dikteta wa Rumi ya kale alikuwa mwenye wadhifa halali. Dikteta wa Kiswahili cha leo ni mtawala wa mabavu. Ama neno rex, yaani mfalme, katika siasa za Rumi lilikuwa karibu sawa na tusi. Kumwambia mwanasiasa kwamba anataka ufalme kulitosha kumharibia jina.

Gaius Julius Caesar aliishi katika mazingira hayo. Gaius lilikuwa jina lake binafsi, Julius jina la ukoo, na Caesar jina la familia ndani ya ukoo huo. Alikuwa konsuli mwaka 59 KK, akaiteka Gallia, nchi ambayo kwa sehemu kubwa leo ni Ufaransa, kisha mwaka 49 KK akavuka mto Rubicon na jeshi lake na kuanzisha vita vya wenyewe kwa wenyewe. Baada ya kushinda alipewa udikteta wa miaka kumi mwaka 46 KK, na mapema mwaka 44 KK akafanywa dikteta wa maisha. Tarehe 15 Februari mwaka huo, katika sikukuu ya Luperkali, Mark Antony alimpa taji hadharani, naye akalikataa. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 15 Machi, maseneta wakamwua. Mwandishi Suetonius anataja majeraha 23 na wala njama zaidi ya 60.

Kwa hiyo Kaizari alikuwa na madaraka kuliko wafalme wengi, lakini hakuwa na neno. Wauaji wake walikubali kwa miaka kadhaa awe na madaraka hayo. Walilolihofia ni kwamba angelipata na neno lenyewe.

Jina lililogeuka kuwa cheo

Mtoto wake wa kupanga, Octavianus, alijifunza kutokana na kifo hicho. Mwaka 27 KK alipewa jina la Augustus, akatawala peke yake hadi kufa kwake mwaka 14 BK, lakini hakuthubutu kujiita rex. Alipenda kuitwa princeps, yaani raia wa kwanza. Alichokihifadhi ni jina la Caesar alilorithi. Waliomfuata walilirithi pia, na hata baada ya Nero kufa mwaka 68 BK na damu ya ukoo ule kukatika katika utawala, watawala wapya waliendelea kulichukua. Jina la familia likawa cheo. Kutokana nalo Wajerumani wakapata Kaiser, Warusi wakapata tsar, na Waarabu wakapata qaysar. Hivyo jina la mtu aliyeuawa asije akawa mfalme likawa, kwa takriban karne 19, jina la wafalme, mpaka Nicholas II wa Urusi alipoondoka mwaka 1917 na Wilhelm II wa Ujerumani mwaka 1918.

Kiswahili kililipokea neno hili likiwa limekwisha kugeuka. Katika Biblia ya Kiswahili, Injili ya Luka inamtaja Kaisari Augusto, na baada ya kurasa chache inamtaja Kaisari Tiberio. Msomaji anayekutana na Makaisari wawili katika kitabu kimoja ana haki ya kuamini kuwa Kaisari ni cheo, kama vile Sultani au Rais. Aidha, babu zetu wa Tanganyika, Rwanda na Burundi walitawaliwa kwa jina la Kaiser wa Ujerumani hadi Vita Kuu ya Kwanza. Basi Kaizari alipoingia katika fasihi yetu mwaka 1963 alikuta kiti chake kimeshawekwa, nacho kilikuwa kiti cha enzi.

Mahali tamthilia inapoumia

Pengine msomaji atauliza: je, jambo hili linaathiri nini katika usomaji? Tuangalie sehemu nne.

Ya kwanza iko katika Tendo la Kwanza, Onyesho la Pili. Cassius anamshawishi Brutus kwa kumwomba alinganishe majina mawili, la Brutus na la Kaizari. Anamtaka ayaandike, ayatamke, ayapime uzito, aone kama moja linalizidi lingine. Hoja yake ina nguvu kwa sababu yote mawili ni majina tu ya raia wawili wa Rumi. Kwa msikilizaji wa Kiswahili mlinganisho huo unachechemea, kwa kuwa anasikia jina la mtu likilinganishwa na cheo. Ni kana kwamba mtu anauliza kwa nini “Mukasa” lisitamkwe kwa heshima kama “Kabaka”. Jibu linakuwa dhahiri, na Cassius anaonekana mtu asiye na hoja ila wivu.

Ya pili iko katika onyesho hilohilo, Casca anaposimulia jinsi taji lilivyotolewa mara tatu na kukataliwa mara tatu. Hapa wanafunzi wetu huuliza swali ambalo ni la haki kabisa: anapewaje taji, na tayari ni Kaizari? Mwalimu asiyejiandaa hujibu kwamba ni desturi za Wazungu, somo likasonga mbele.

Ya tatu ni mazungumzo ya Brutus na nafsi yake bustanini, katika Tendo la Pili. Brutus anakiri kwamba hana ugomvi binafsi na Kaizari. Anakiri pia kwamba mpaka saa ile Kaizari hajaonyesha uovu anaouogopa. Anakusudia kuua kwa ajili ya jambo ambalo huenda likatokea. Sisi walimu wa lugha tunaweza kusema kwamba maadili yote ya onyesho hili yamo katika viambishi -nge- na -ta-. Je, ni halali kumwua mtu kwa kosa la “atafanya”? Mwanafunzi anayedhani kuwa Kaizari ni mfalme tayari haoni swali hilo. Anaona raia wanampindua mfalme wao, habari ambayo ameshaisikia mara nyingi.

Ya nne ndiyo inayopoteza zaidi. Katika Tendo la Tatu, Brutus anauhutubia umati na kueleza kwamba wameua ili kuokoa uhuru wa Rumi. Umati unashangilia, na sauti moja inapendekeza kwamba Brutus naye afanywe Kaizari. Hapo Shakespeare anamkata Brutus kwa kisu chake mwenyewe. Katika sekunde hiyo jina la mtu linageuka kuwa cheo mbele ya macho yetu. Watu walioambiwa wako huru wanaomba bwana mwingine, na Brutus anaona (kama ana macho ya kuona) kwamba amemwua mtu na kukiacha hai kile alichokiogopa. Kwa Kiswahili kejeli hii inapita kimya. Ikiwa Kaizari ni cheo tangu ukurasa wa kwanza, pendekezo la umati ni la kawaida tu: kiti kimebaki wazi, apewe mwingine.

Haishangazi basi kwamba insha nyingi za wanafunzi humtaja “Mfalme Kaizari”, kisha husema dhamira kuu ni usaliti na wivu wa marafiki. Usaliti umo, na wivu umo. Lakini insha ya namna hiyo imeiacha nje siasa yote.

Je, ni kosa la mfasiri?

Itakuwa si haki kumtwika Nyerere mzigo wote. Tukiyaweka majina ya matoleo mawili kando kwa kando, tunaona alivyohangaika na jambo hili. Julius Caezar la 1963 ni jina lililosimama mlangoni, halijaingia ndani ya lugha wala halijabaki nje. Juliasi Kaizari la 1969 limetoholewa kikamilifu: silabi zake zote ni wazi na mtu yeyote anaweza kulitamka. Lakini tazama jinsi nusu zake zilivyotoka njia mbili tofauti. “Juliasi” imefuata matamshi ya Kiingereza. Biblia yetu, kwa jina kama hilo, ina “Yulio”. “Kaizari” haikufuata Kiingereza, maana ingefuata ingekuwa kitu kama “Siza”. Imefuata sikio ambalo Kiswahili kilishakuwa nalo.

Kwa maoni yetu mfasiri alichagua vizuri. “Siza” lisingekuwa na uzito wowote, na tamthilia hii inahitaji jina zito. Lakini kila chaguo lina gharama, na gharama ya “Kaizari” ni kwamba jina linakuja na kiti chake. Toleo la 1963 kwa ugeni wake lilikuwa bado linanong’ona kwamba hili ni jina la mtu. Toleo la 1969 halinong’oni tena. Tofauti ya herufi moja kati ya Kaizari na Kaisari wa Biblia ni ndogo mno kutenganisha maana hizo mbili, hasa masikioni, na tamthilia ni sanaa ya masikio.

Uzito wa neno mfalme katika nchi zetu

Kuna upande wa pili wa tatizo, nao ni neno “mfalme” lenyewe. Kati ya mwaka 1963 na 1969, yaani kati ya matoleo hayo mawili, viti vya enzi vilianguka pande zote za Tanganyika. Sultani wa Zanzibar aliondolewa kwa mapinduzi ya Januari 1964. Burundi ilitangazwa jamhuri Novemba 1966. Uganda, Kabaka Mutesa II alikimbilia Uingereza baada ya ikulu yake ya Mengo kushambuliwa Mei 1966, na katiba ya mwaka 1967 ikafuta falme zote. Rwanda ilikuwa imeshauondoa ufalme mwaka 1961. Nyerere mwenyewe alikuwa mtoto wa chifu wa Wazanaki, na serikali yake iliondoa madaraka ya machifu mwaka 1963, mwaka uleule wa tafsiri. Hatusemi kwamba tafsiri ilisababishwa na hayo. Tunasema kwamba neno “mfalme” halikuwa neno la vitabuni tu.

Leo nalo halina uzito mmoja. Uganda falme zilirudishwa mwaka 1993, na mwanafunzi kutoka Buganda ambaye Biblia yake ya Luganda inamwita Daudi “Kabaka” analisikia neno hilo kwa heshima. Mwenzake wa Kigali au Bujumbura anamjua mwami kwa simulizi na vitabu. Wakikaa dawati moja na kuambiwa kwamba Warumi waliua mtu ili tu asiitwe mfalme, kila mmoja anahitaji kuelezwa chuki hiyo ilitoka wapi.

Wala wazo la kumwadhibu mtawala si geni katika historia ya lugha yetu. Al-Masudi, msafiri na mwandishi wa Kiarabu aliyefika eneo hili mapema katika karne ya 10, aliandika cheo cha watawala wa Zanj kwa neno ambalo wataalamu wengi wamelisoma kuwa ni “wafalme”, ingawa wapo wanaolisoma vingine. Aliandika pia kwamba mtawala akidhulumu na kuiacha haki, watu wake walimwua na kukizuia kizazi chake kisirithi. Tofauti na Brutus iko wazi: watu wa Zanj waliua kwa “amefanya”, Brutus aliua kwa “atafanya”. Huo peke yake ni mjadala wa kipindi kizima cha darasa.

Kandake na Firauni nao

Kaizari si peke yake. Kitabu cha Matendo ya Mitume kinamtaja Kandake, na wasomaji wengi hudhani ni jina la malkia fulani. Kinyume chake ni kweli: kandake kilikuwa cheo katika ufalme wa Kush uliokuwa na mji mkuu Meroe, katika Sudan ya leo, na wanawake zaidi ya mmoja walikuwa nacho. Hivyo Kaizari ni jina tulilolifanya cheo, na Kandake ni cheo tulichokifanya jina.

Wawili hawa walikutana vitani. Baada ya Warumi kuitwaa Misri mwaka 30 KK, Kush iliwashambulia mpakani, na Kandake Amanirenas anatajwa kuwa mtawala wa wakati huo. Mwaka 1910 wachimbuzi waliikuta Meroe kichwa cha shaba cha sanamu ya Augustus, kimefukiwa chini ya ngazi za hekalu, mahali ambapo kila aliyeingia alikikanyaga. Kichwa hicho kimo katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, London. Tukimwita mwanamke huyo “Malkia Kandake” tu, msomaji anapata picha ya mke wa mfalme aliyekaa pembeni, kwa sababu “malkia” hubeba maana zote mbili, mke na mtawala.

Ama Firauni, yeye alianza kama jengo. Neno la Kimisri lilimaanisha “nyumba kubwa”, yaani ikulu, kisha likamwangukia mwenye ikulu. Kiswahili kilipolipokea kupitia Kiarabu lilikuwa limeshabeba sifa ya mkaidi aliyepambana na Musa, na leo mtu akikuita firauni hakusifu. Mwalimu anayefundisha habari za Hatshepsut, mwanamke aliyetawala Misri katika karne ya 15 KK na kutuma msafara wa biashara nchi ya Punt, itambidi achague kati ya “farao”, lisilo na tusi, na “firauni”, lenye tusi ndani yake. Kuchagua bila kufikiri ni kuhukumu bila kesi.

Tufanye nini darasani?

Hatupendekezi kubadili jina la kitabu wala kutunga istilahi mpya kwa kila mtawala wa kale. Tunapendekeza mambo matatu yaliyo katika uwezo wa kila mwalimu.

Kwanza, kabla ya kusoma Juliasi Kaizari, mwalimu atumie nusu kipindi kueleza kwamba Kaizari ni jina la familia, kwamba Rumi ilikuwa jamhuri, na kwamba neno “mfalme” lilichukiwa huko. Kalenda iliyo ukutani itamsaidia: Julai imetokana na Julius na Agosti imetokana na Augustus. Pili, cheo cha mtawala wa kale kiachwe kama kilivyo na kielezwe mara moja kwa sentensi fupi, badala ya kila mtu kubatizwa “mfalme”. Kiswahili ambacho kina sultani, mwinyi, jumbe, mtemi, liwali na mfalme kinajua vizuri kwamba watawala si wa namna moja. Tatu, maswali ya mtihani yaache kuuliza “Kwa nini mfalme Kaizari aliuawa?” yaulize “Je, Brutus alikuwa na haki kumwua Kaizari kwa ajili ya cheo ambacho hakuwa nacho?”

Hitimisho

Juliasi Kaizari bado ni miongoni mwa tafsiri bora tulizonazo, na uhakiki huu haupunguzi heshima yake. Lakini tamthilia hii inasomwa katika nchi ambazo zimeondoa wafalme, nyingine zikawarudisha, na ambazo hadi leo zinabishana kuhusu mihula ya marais na muda wa mtu mmoja kukaa madarakani. Mwanafunzi wa nchi hizo anahitaji kujua kwamba mtu anaweza kuwa na madaraka yote bila kuitwa mfalme, na kwamba umati uliomwondoa mmoja unaweza kumwomba mwingine jioni ileile. Shakespeare aliliweka hilo ndani ya jina moja. Kwa Kiswahili linafunikwa na jina hilohilo, na kazi ya kulifunua ni yetu sisi walimu.